Kibanda cha vitabu vya mtumba Sabasaba, Dodoma: mzigo upo, ila bei ya Shakespeare ina mjadala

Wale mnaouliza kila mara vitabu vya zamani Dodoma vinapatikana wapi, kipo kibanda upande wa Sabasaba, ukishawapita wauza viatu vya mtumba na fundi wa mabegi utakiona, rafu za mbao na turubai la bluu juu yake, jina hakina wala kibao hakina kwa hiyo usihangaike kukitafuta kwenye ramani ya simu. Mwenyewe ni mzee mmoja mtaratibu, ukimwamkia vizuri anakusogezea benchi unakaa unasoma mpaka uchoke, hakusumbui, na hiyo peke yake kwangu ni sifa maana kuna maduka mjini hapa ukishika kitabu kidogo tu ushaulizwa "nikufungie kaka?"

Mzigo wenyewe ni mchanganyiko. Vingi anasema anavipata kwa wastaafu na watumishi wanaohama nyumba, na Dodoma siku hizi nani hahami, kwa hiyo utakuta Biblia za zamani, vitabu vya kilimo, hesabu za form three, vile vya Kiswahili vilivyochapwa Moscow enzi za Ujamaa, majarida, kila kitu. Vumbi lipo la kutosha, ni Dodoma hii, upepo wa mwezi wa saba na wa nane unaujua, vitabu vya pembeni kaviwekea mawe juu visipeperuke. Nenda na kitambaa.

Sasa tuje kwenye bei maana ndo sababu ya kuandika yote haya. Bei hazijaandikwa popote. Mzee anakuangalia wewe, anakiangalia kitabu, anataja. Lakini ukikaa pale kwa muda unaugundua mfumo wake: rafu ya juu ni Kiingereza chenye jalada gumu, rafu ya kati ni vitabu vya mtihani, na chini kabisa kwenye gunia ndo viko vya Kiswahili vyembamba. Rafu ya juu nilikuta bonge la kitabu, tamthilia zote za Shakespeare kwenye juzuu moja, akaniambia elfu 25. Nikainama kwenye gunia nikaibuka na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, nakala iliyochoka lakini kurasa zote zipo, buku na mia tano. Nikamuuliza mzee mbona tofauti kubwa hivyo na zote ni tamthilia? Akanijibu kwa upole kabisa, "mwanangu, huyo wa juu ni Shakespeare, huyo hashuki bei."

Aisee hapo ndo nikakaa vizuri kwenye benchi, maana huyu Shakespeare ameshashuka bei mpaka basi, na tena kwa wenye vitabu wenyewe.

Tuanze akiwa hai. Mwaka 1592 ndo tunamsikia kwa mara ya kwanza kwenye ulimwengu wa maigizo wa London, na anasikika kwa kutukanwa, kwenye kijitabu kilichotoka kwa jina la Robert Greene, mwandishi msomi wa chuo, humo anaitwa kunguru aliyejitokeza juzi juzi akajipamba manyoya ya wenzake. Yaani mwigizaji tu, hana digrii, anajifanya anaandika. Miaka 6 baadaye, 1598, mwandishi Francis Meres anamsifia sana, anamweka sawa na Waroma wa zamani kina Plautus na Seneca, kwa hiyo usinielewe vibaya, alikuwa na jina, alipata hela, alinunua nyumba kubwa kwao Stratford. Ila lilikuwa jina la mtu wa maigizo, na maigizo hayakuhesabiwa kuwa vitabu. Thomas Bodley, yule aliyeanzisha maktaba kubwa ya Oxford, mwaka 1612 alimwandikia mkutubi wake kwamba tamthilia ni takataka asizozitaka mle ndani. Mwandishi mwenzake Ben Jonson alipokusanya tamthilia zake mwaka 1616 akaziita kazi zake, watu wakamcheka, kazi gani bwana, si michezo hiyo!

Shakespeare alifariki mwaka huohuo 1616 na hakuacha kitabu alichokipanga mwenyewe cha tamthilia zake. Waliomuokoa ni waigizaji wenzake wawili, John Heminges na Henry Condell, mwaka 1623 wakatoa lile bonge la kwanza linaitwa Folio, tamthilia 36, na kati ya hizo 18 zilikuwa hazijawahi kuchapwa kabisa. Makbeth imo kwenye hizo 18. Tufani imo. Juliasi Kaizari imo, yaani wale jamaa wawili wangeamua kupumzika tu basi Mwalimu Nyerere angeikosa hiyo ya kutafsiri. Kikiwa na jalada kiliuzwa kama pauni moja hivi, hela ndefu kwa mtu wa kawaida wa London.

Na hapa ndo pa kumjibu mzee wangu wa Sabasaba. Maktaba ya Oxford ilipata nakala yake ya Folio mwaka huohuo 1623, ikafungwa vizuri, ikawekwa rafuni. Miaka ya 1660 ikatoka Folio ya tatu, imeongezewa tamthilia 7, maktaba wakaona mpya ndo nzuri, ya zamani wakaiuza kama kitu cha ziada. Waliuza Folio ya kwanza! Na ucheshi wenyewe, kati ya zile 7 zilizoongezwa ni moja tu, Pericles, ambayo leo inakubalika kuwa kaitia mkono, 6 zote ni za watu wengine waliobandikwa jina lake. Nakala ile ikazunguka huko ilikozunguka mpaka mwaka 1905 mwanafunzi mmoja akaipeleka maktaba ileile kuomba ushauri wa jalada lililochakaa, wakutubi wakaitambua, hii si yetu hii? Kuna tajiri wa Marekani, Henry Folger, akawa tayari kuinunua kwa pauni 3,000, Oxford ikabidi wapitishe bakuli kwa wananchi ndo wakaweza kuirudisha mwaka 1906. Yaani ukitupa kitabu kwenye gunia ukumbuke hao walikuwa maktaba ya Oxford, na bado waliuza.

Kwa nini waliuza? Kwa sababu wakati ule hakuwa yule tunayemjua. Bunge la Uingereza lilifunga kumbi za maigizo mwaka 1642, zikafunguliwa tena mwaka 1660 aliporudi mfalme, na zilipofunguliwa waliokuwa wanatamba ni waandishi wawili, Beaumont na Fletcher. Mshairi Dryden aliandika mwaka 1668 kwamba michezo yao miwili inachezwa kwa kila mmoja wa Shakespeare au Jonson. Nani leo Dodoma nzima anamjua Beaumont? Na yule mtumishi wa serikali, Samuel Pepys, ambaye shajara yake ni maarufu, mwaka 1662 alienda kuona Ndoto ya Usiku wa Kiangazi akaandika hajawahi kuona mchezo wa kipuuzi na usio na ladha kama ule maishani mwake, na Romeo na Juliet naye akaiponda vibaya. Leo angeandika hivyo mtandaoni watu wangemla mzima.

Kingine walichokuwa wanafanya ni kumrekebisha. Nahum Tate mwaka 1681 aliichukua Mfalme Lear akaona mwisho wake unaumiza, akaubadilisha, Cordelia binti wa mfalme hafi, anaolewa na Edgar, mzee anarudishiwa ufalme, kila mtu anaenda nyumbani ameshiba. Na watu waliipenda! Toleo hilo ndo lililotawala jukwaani zaidi ya miaka 150, mpaka mwigizaji Macready alipolirudisha la asili mwaka 1838. Hata Samuel Johnson, msomi mzito kabisa, alikiri kifo cha Cordelia kilimuumiza mpaka akakaa miaka bila kuusoma tena mwisho ule hadi kazi ya uhariri ilipomlazimisha. Mimi binafsi kwa hili namuelewa Johnson, ukishaufikia ukurasa ule huwezi kula.

Sasa alipandaje? Hapa wengi wanasema kipaji chake kilijitangaza chenyewe, mi nakataa. Kipaji kilikuwepo, sawa, ila kilikuwepo pia 1662. Kilichobadilika ni mambo mengine kabisa, na moja ni biashara ileile ya mzee wangu, bei ya kitabu. Sheria ya 1710 iliwapa wenye haki za vitabu vya zamani miaka 21 tu, ikafika 1731 muda umeisha, lakini ukoo wa Tonson uliokuwa unamchapa Shakespeare ukaendelea kung'ang'ania. Akatokea mchapaji anaitwa Robert Walker, mwaka 1734 akaanza kutoa tamthilia moja moja kwa bei ya chini, Tonson naye kwa hasira akashusha zaidi, wakashindana kushuka mpaka tamthilia nzima ikawa inauzwa peni moja. Vita vya wachuuzi! Walioshinda ni wasomaji, watu ambao wasingewahi kushika Folio ya pauni wakawa na Hamlet mfukoni. Halafu mwaka 1737 serikali ikaleta sheria ya kukagua kila mchezo mpya kabla ya kuchezwa, wenye kumbi wakaona usumbufu wa nini, tucheze vya zamani vya marehemu, marehemu hashtakiwi. Basi Shakespeare akaanza kuchezwa kweli kweli. Kitu kikiwa cha bei rahisi na hakina matatizo na serikali kitaenda tu.

Halafu ndo akaja David Garrick, mwigizaji staa wa wakati huo, na tamasha lake la mwaka 1769 huko Stratford, la kusherehekea miaka 200 ya kuzaliwa kwa Shakespeare, ambalo lilichelewa miaka 5 (sisi tunaambiwa ndo tunachelewa). Mvua ilinyesha ikaharibu kila kitu, mto ukajaa, na katika siku zote za tamasha la mwandishi wa tamthilia haikuchezwa hata tamthilia yake moja. Kilichouzwa sana ni vibweta na vikombe vilivyochongwa kwenye mti wa mforosadi uliosemekana aliupanda yeye, na vilikuwa vingi kiasi kwamba watu wakaanza kujiuliza huo mti ulikuwa na ukubwa gani. Ila baada ya hapo hakuwa tena mtu wa maigizo, akawa kitu cha taifa.

Wafaransa hawakukubali kirahisi, mwandishi wao Voltaire ndiye aliyemtambulisha kwao halafu alipoona wanampenda sana akakasirika, aliwahi kusema Hamlet inaonekana kama imetungwa na mshenzi aliyelewa. Wajerumani sasa, ambao walikuwa wamechoka kuambiwa na Wafaransa jinsi ya kuandika, wakampokea kwa mikono miwili, Goethe, mshairi wao mkubwa, akiwa kijana alimtolea hotuba mwaka 1771, Schlegel akaanza kutoa tafsiri zake mwaka 1797, na mwaka 1864 kule Weimar wakaanzisha chama cha Shakespeare ambacho kipo mpaka leo. Ndo Wajerumani haohao waliokuja kutujengea reli ya kati inayopita hapa Dodoma. Walimfanya wao kabisa.

Kibandani pale kuna pia kile kitabu cha hadithi zake zilizofupishwa kwa watoto, cha Charles na Mary Lamb, elfu tatu, chukua kama una mtoto wa sekondari anayesumbuka na Kiingereza. Hiki kilitoka 1807 na jina lililowekwa juu lilikuwa la Charles peke yake ingawa hadithi nyingi aliandika dada yake Mary. Mwaka huohuo likatoka toleo la Shakespeare lililofyekwa maneno machafu ili baba aweze kusoma mbele ya wanae, na kazi ile aliifanya Harriet Bowdler lakini sifa baadaye ikaenda kwa mdogo wake Thomas. Mwaka mmoja, dada wawili, Shakespeare mmoja anazidi kupanda.

Alipopandishwa mpaka akakaribia kuabudiwa ndo kikatokea kituko kingine, watu wakaanza kusema mtoto wa mshona glavu wa kijijini hawezi kuwa aliandika haya, lazima kuna bwana mkubwa nyuma yake, Delia Bacon akatoa kitabu kizima mwaka 1857. Wakati akiwa hai hakuna aliyeona ajabu. Ukimfanya mtu mungu lazima baadae ukose pa kuweka baba yake. Tolstoy, yule mwandishi Mrusi, naye mwaka 1906 akaandika kwamba amemsoma kwa Kirusi, Kiingereza na Kijerumani, mara kwa mara, ujana mpaka uzee, na kila mara anachoka tu. Mzee hakuogopa mtu.

Kwetu aliingia na shule za mkoloni na mtihani, hilo wote tunalijua. Ndo maana mwaka 1968 pale chuo kikuu Nairobi kina Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba waliandika kutaka idara ya Kiingereza ifutwe, fasihi ya Afrika ikae katikati, Waingereza wakae pembeni. Ila kwa upande wetu Nyerere alishafanya kitu tofauti, mwaka 1963 akiwa Rais akatoa Juliasi Kaizari kwa Kiswahili, akairekebisha 1969, na mwaka huohuo Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi naye akatoa Makbeth na Tufani. Na kule Robben Island mfungwa mmoja, Sonny Venkatrathnam, alificha juzuu la Shakespeare kwa kulibandika kadi za Diwali akawaambia askari ni kitabu cha dini ya Kihindu, wafungwa zaidi ya 30 wakasaini kila mtu pale alipopapenda, Mandela akasaini tarehe 16 Desemba 1977 kwenye Juliasi Kaizari, pale Kaizari anaposema mwoga anakufa mara nyingi kabla ya siku yake. Huyo Shakespeare wa Robben Island na yule wa mkoloni ni kitabu kilekile, waliobadilika ni wenye kukishika.

Na mwaka 2020 nakala moja ya Folio ya 1623 ikauzwa New York karibu dola milioni 10. Si nakala ya Oxford, ila ni toleo lilelile ambalo wao walilitoa rafuni.

Kwa hiyo nikamwambia mzee, hiyo elfu 25 si bei ya maandishi, ni bei ya wachapaji, waigizaji, Wajerumani, mitihani na hofu ya kukaguliwa, na hii Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ya 1969 haijapata hata miaka 60 bado, umri ambao tamthilia za Shakespeare zilikuwa zinaitwa hazina ladha. Mzee akacheka akasema "haya mwalimu, toa 18." Mi si mwalimu ila nikakubali. Angalia pia rafu ya kati, Ngoswe ya Edwin Semzaba iko pale imesimama wima, nakala safi, elfu nne bila kupungua, sababu ni moja tu, iko kwenye mtihani. Siku wakiitoa itaenda kwenye gunia na kesho yake hata mzee hataikumbuka, na Semzaba hatakuwa amebadilisha hata nukta.

Kuhusu bonge lenyewe nililonunua: karatasi nyembamba mno unaona maandishi ya upande wa pili, herufi ndogo, safu mbili kila ukurasa, na faharasa ya maneno magumu mwishoni mtu kaichana. Usiku kwa taa ya kawaida macho yanauma. Kama unataka kusoma kweli na sio kupamba sebule, chukua zile moja moja za shule zenye maelezo ukurasa wa pembeni, buku mbili mpaka tatu, ziko nyuma ya Biblia. Juliasi Kaizari ya Mwalimu nilipata kwa elfu tano, alianzia saba kwa ajili ya jina la Mwalimu, na nikisema ukweli hotuba ya Antoni kwenye maziko inapiga kwa Kiswahili kuliko nilivyoisoma kwa Kiingereza shuleni, isome kwa sauti.

Huduma: ukirudisha kitabu kwa hali uliyochukulia anakurudishia nusu ya hela au unabadilisha na kingine, hii wanafunzi wa UDOM wanaitumia sana. Ubaya, hakagui kurasa, kwa hiyo kabla hujalipa pekua mwanzo mwisho, mwenzangu mmoja alifika nyumbani akakuta riwaya haina mwisho. Nampa nyota 4 kati ya 5, moja nimeitoa kwa vumbi na kwa lile gunia la Kiswahili, lingepanda hata rafu ya kati tu.

Nenda asubuhi, mchana upepo ukianza anafunika nusu ya mzigo kwa turubai na hafunui mpaka jioni. Lipa namba anayo ila beba keshi, chenji huwa shida ukienda na noti ya elfu kumi. Jumapili anafungua baada ya ibada. Mimi nasubiri Mabepari wa Venisi, ameniahidi ikija atanipigia, kwa hiyo atakayeikuta kabla yangu naomba aniachie jamani.